Utaratibu Katika Hospitali Zetu

Muhula huu Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilijadili hoja isemayo kwamba hospitali zetu zahitaji fedha kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na upande wetu ulishindwa kwa kura nyingi. Sioni ajabu. Msemaji wa upande wa pili alitaja vitanda, akataja damu, magari ya wagonjwa na dawa, na kila alipotaja kitu ukumbi ulipiga makofi, maana hapana asiyejua uhaba wa vitu hivyo. Nami nilipewa dakika tano. Dakika tano hazitoshi kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni utaratibu wa kazi. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu nieleze polepole yale niliyoyasoma, nanyi mpime wenyewe.

Sharti niseme wazi tangu mwanzo kwamba sisemi fedha si kitu. Hospitali isiyo na damu haiwezi kumwokoa mama anayevuja damu, hata wauguzi wake wakiwa na utaratibu kama wa askari. Nisemalo ni hili: mara nyingi kifaa kipo, mtu aliyefundishwa yupo, na mgonjwa yupo, lakini watatu hao hawakutani kwa wakati. Hapo fedha imekwisha kutumika, na mgonjwa hufa vile vile.

Mwaka 2019 shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikwenda kujifungua katika kituo kimoja cha afya ambacho jina lake silitaji. Mtoto alizaliwa bila kulia. Mkunga alijua la kufanya, akamkausha na kumsugua mgongo, kisha akaagiza uletwe mfuko wa kumpulizia hewa. Mfuko ulikuwa ndani ya kabati, kabati limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mwuguzi wa zamu iliyotangulia, naye alikwisha kwenda zake nyumbani. Ulipopatikana, mtoto amekwisha fariki. Bibi alisema ni mapenzi ya Mungu, nami sibishani na bibi yangu. Lakini baba aliuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka: "Kwani kabati lile lilikuwa linamlinda nani?"

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari hizi kila nipatapo nafasi, na yafaa nanyi mwelewe kwanza kwa nini ufunguo unaweza kuua. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake yamejaa majimaji. Azaliwapo hana budi kuyajaza hewa papo hapo, na watoto wengi hufanya hivyo wenyewe kwa kile kilio tunachokipigia vigelegele. Wachache katika kila mia hawalii. Baadhi yao huamka wakikaushwa kwa nguo kavu na kusuguliwa. Wanaobaki huhitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira wenye kifuniko cha kuziba mdomo na pua, ule ambao wakunga huuita ambubagi. Si mashine, wala hauhitaji umeme. Mkono wa mkunga huubana na kuuachia kiasi cha mara 40 kwa dakika. Lakini kazi hiyo yatakiwa ianze kabla dakika moja haijaisha tangu kuzaliwa, na ndiyo maana waganga huiita dakika ya dhahabu. Sasa fikiri: katika dakika moja mtu aweza kutoka mlangoni, kuuliza ufunguo uko wapi, na kurudi mikono mitupu.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga wa hospitali nane kazi hii ya dakika ya kwanza, kwa kutumia mdoli wa mpira anayejazwa maji ya vuguvugu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hapo msomaji atasema kwamba dawa ni mafunzo, basi tuandae semina, tule chakula cha mchana, tupewe vyeti, tuondoke. Ndivyo nilivyodhani mimi pia, mpaka niliposoma habari za Haydom.

Haydom ni hospitali ya Walutheri katika wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, nayo ilianza mwaka 1955. Mwezi wa Aprili 2010 wakunga wake walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Baada ya miezi saba walipimwa tena kwa mdoli, wakaonekana wamefanya vizuri kuliko walivyokuwa kabla ya mafunzo. Lakini hospitali ile ilikuwa imeweka watu katika chumba cha kuzalia wenye saa mikononi, kazi yao ni kutazama kila mtoto azaliwaye na kuandika amefanyiwa nini na baada ya sekunde ngapi. Maandishi yao yalionyesha kwamba kwa watoto wa kweli hakuna lililobadilika. Mtihani wamefaulu, kazi imebaki ile ile. (Sisi wanafunzi hatuna haki ya kuwacheka. Wangapi kati yetu twaweza kuandika kurasa mbili juu ya mbu na malaria, na usiku twalala bila chandarua?)

Basi Haydom walifanyaje? Hawakuita semina kubwa zaidi. Kuanzia Februari 2011 walimweka mdoli palepale katika chumba cha kuzalia, na kila wiki wakunga wakawa wakimfanyia mazoezi ya dakika tatu mpaka tano katikati ya kazi zao, wakisimamiwa na wenzao wa hospitali ile ile. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, kiasi cha 11 walikuwa wakifa katika saa 24 za kwanza. Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi mafupi idadi hiyo ilishuka hadi kiasi cha 7. Wakunga ni wale wale, mdoli ni yule yule, na jengo ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mkono ulikuwa umeizoea kazi siku ile ilipotakiwa.

Mpango uliotokana na mambo hayo ulipelekwa baadaye katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila watoto 1,000. Ukiangalia wale tu waliozaliwa hai wakafa ndani ya saa 24, upungufu ni mkubwa zaidi. Lakini taarifa ile ile yakiri kwamba mikoa haikulingana: mahali pengine vifo vilipungua sana, na mahali pengine sivyo. Nimeona vema kulitaja jambo hili, kwani mtu aletaye habari njema tupu huwa ameficha nusu yake.

Narudi kwenye kabati. Huko Japani, viwandani, mafundi walibuni njia ya kupanga mahali pa kazi ili pasiwe na kitu kinachotafutwa. Njia hiyo ilitumika katika hospitali ya akina mama ya Castle Street, mjini Colombo, nchi ya Sri Lanka, na kutoka huko ikafika kwetu kwa msaada wa Wajapani. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kuitumia mwaka 2007. Kwa Kijapani ina maneno matano yenye kuanza na herufi S, na wataalamu wetu walikuna vichwa wakapata matano ya Kiswahili yenye herufi hiyo hiyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kusasambua ni kutenga vinavyotumika na visivyotumika, na kuviondoa visivyotumika. Kuseti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake penye jina, karibu na mkono wa anayekitumia. Kusafisha hakuhitaji maelezo. Kusanifisha ni kuwafanya wote wafuate mpango mmoja, ili mwuguzi wa zamu ya usiku akute vitu alivyoviacha wa mchana. Kushikilia ndiyo kazi ngumu, maana watu wote wana bidii siku ya kwanza.

Mtu aweza kuona haya kuwa ni mambo ya kufagia tu. Lakini hebu tazama stoo ya mahali popote pa kazi unapopajua. Kuna kiti kilichovunjika mguu, kuna mashine iliyokufa ambayo hapana athubutuye kuitupa kwa kuwa imeandikwa kwenye daftari la mali, na nyuma yake ndipo kilipo kitu kinachotakiwa sasa hivi. Mwuguzi anayetafuta bomba la sindano kwa dakika kumi amewanyima wagonjwa dakika kumi, na hasara hiyo haiandikwi katika hesabu yoyote. Yule wa upande wa pili katika mdahalo wetu alisema tuongeze wauguzi, nami nakubali. Lakini wale tulio nao tusiwageuze kuwa watafutaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonivutia kuliko yote, nalo ni karatasi moja ya chumba cha upasuaji. Asili yake si hospitalini. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio nchini Marekani, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya ya vita mbele ya wakubwa wa jeshi. Ilipaa, ikainuka mno, ikaanguka na kuwaka moto, na rubani wake, Meja Ployer Hill, akafa pamoja na mwenzake mmoja. Ndege haikuwa mbovu. Kulikuwa na kufuli linalozuia mbawa za nyuma zisipeperushwe na upepo ndege ikiwa chini, na rubani hakulifungua kabla ya kuruka. Hill alikuwa rubani hodari, kwa hiyo kumfundisha zaidi kusingefaa kitu. Wenzake waliandika orodha fupi ya mambo ya kusoma kabla ya kuruka, na ndege ile ile iliyoitwa ngumu mno kwa binadamu kuirusha ikaja kuundwa kwa maelfu.

Shirika la Afya Duniani lilimpa daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande, kazi ya kuongoza kikundi cha kutunga orodha kama ile kwa ajili ya upasuaji. Orodha ikawa na mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na Ifakara. Naam, Ifakara yetu ya bonde la Kilombero, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Nilipoliona jina hilo kati ya London na Seattle nililisoma mara mbili.

Orodha yenyewe husomwa kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi: mgonjwa mwenyewe, akiwa bado macho, ataje jina lake na sehemu anayopasuliwa, mahali pa kukata pawe pametiwa alama, iulizwe kama kuna dawa inayomdhuru, kama damu huenda ikahitajika, na kama kile chombo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni kimewekwa na chafanya kazi. Mara ya pili ni kabla ya kisu kugusa ngozi. Hapo kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, na huulizwa kama mgonjwa amepewa dawa ya kuzuia vijidudu katika dakika 60 zilizopita. Mara ya tatu ni kabla mgonjwa hajatolewa: zihesabiwe sindano, vitambaa na vyombo, ili kisibaki kitu tumboni.

Msomaji ataniuliza, kutajana majina kunamfaa nini mgonjwa? Mimi pia nilidhani ni adabu tu. Lakini fikiria mwuguzi kijana, wa cheo cha chini kabisa chumbani, ambaye ameona vitambaa ni pungufu kimoja. Kama tangu asubuhi hajafungua mdomo mbele ya mpasuaji mkuu, je, atathubutu kumwambia asimame? Aliyekwisha kusema jina lake na kusikilizwa huona wepesi wa kusema mara ya pili. Katika nchi zetu, ambapo mdogo hamkosoi mkubwa bila kuonekana hana adabu, naona swali hilo moja lastahili kuliko mengine kumi na manane. Orodha inapomwagiza mdogo aseme, hamvunjii mkubwa heshima. Ni karatasi iliyouliza, si yeye.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Wagonjwa 3,733 walikuwa wametazamwa kabla ya orodha na 3,955 baada yake. Waliopata madhara baada ya kupasuliwa walishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na waliokufa kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wapo waganga walioiona orodha ni usumbufu. Lakini walipoulizwa kama wangetaka itumike siku wao wenyewe wakipasuliwa, asilimia 93 walijibu ndiyo.

Laiti habari ingeishia hapo ningalishinda mdahalo. Mwaka 2014 ilitoka taarifa ya hospitali 101 za jimbo la Ontario, nchini Kanada, ambako serikali ilikuwa imezitaka hospitali zitangaze kama zinaitumia orodha ile. Karibu zote zilisema zinaitumia. Lakini wataalamu walipohesabu vifo, walivikuta ni asilimia 0.71 kabla na 0.65 baadaye, tofauti ambayo yaweza kuwa bahati tu. Wengine wamejibu kwamba muda wa kutazama ulikuwa mfupi, miezi mitatu kabla na mitatu baada, na kwamba katika hospitali tajiri vifo vilikuwa vichache tangu awali. Huenda ni kweli. Mimi naliona jambo jingine pia: hospitali iliyoambiwa itangaze kwamba inatia alama itatia alama. Kama wafanyakazi wanasimama, wanasomeana na kujibizana, hilo takwimu za serikali hazilioni.

Nasema hivi kwa sababu nimeliona humu humu shuleni. Mimi ni kiranja wa afya, na muhula uliopita tulibandika orodha katika chumba cha wagonjwa, ikaguliwe kila usiku na wa zamu: tochi yawaka, maji ya kunywa yapo, pampu za wenzetu wenye pumu ziko kwenye rafu ya juu, kila moja na jina la mwenyewe, ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza umetundikwa ukutani wala haumo mfukoni mwa mtu, namba ya simu ya dereva imeandikwa na yasomeka. Mambo matano tu. Wiki ya tatu nilikwenda Ijumaa jioni, nikakuta alama za siku saba zimetiwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, hata za Jumapili ambayo ilikuwa haijafika. Tochi haikuwa na betri.

Matroni hakumwadhibu mtu. Alisema alama zifutwe kabisa, na kazi ifanywe na wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine ajibu akiwa amekigusa kile kitu kwa mkono. Tochi iwashwe ukutani, pampu itikiswe. Kidaftari chaandikwa kilichokosekana tu, siyo kilichopo, kwa hiyo hapana faida ya kuandika mapema. Muhula huu kidaftari kina mistari tisa: betri mara nne, maji mara tatu, pampu moja iliyokwisha dawa, na ufunguo mara moja, ambao tuliukuta katika suruali ya mwenzetu bwenini saa tatu na robo usiku. Kazi nzima, nimeipima kwa saa, huchukua dakika mbili na nusu.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Zamu ya Jumanne na ya Alhamisi hazina watu bado. Wanaopenda kuzishika wamwone Matroni kabla ya likizo, nao waende wawili wawili.